Umetoa Wapi?

Kibanda cha video cha mtaani kwetu kilikuwa na mwavuli uliofunguliwa ndani ya nyumba. Mwenye kibanda aliuning'iniza kwa kamba juu ya televisheni, maana bati lilikuwa limetoboka na mvua zilikuwa bado hazijakwisha. Mabati ya Shituru, hapa Likasi katika Katanga ya Kongo, hayadumu. Kiwanda chetu huyeyusha madini kwa asidi ya salfa, na siku upepo unapogeuka, moshi wake hukwangua koo za watu na kula paa zao. Kwa hiyo hakuna aliyeucheka ule mwavuli. Watoto tulikaa chini mbele, wakubwa wakakaa kwenye mabenchi nyuma, tukatazama filamu huku matone yakidondoka.

Ilikuwa mapema mwaka 2002, nami nilikuwa na miaka 13. Siku hiyo tulikuwa tumekuja kumwona Bruce Lee. Picha ilipotokea haina rangi, watu wakazomea na kudai faranga zao. Mwenye kibanda akaapa kwamba kaseti ya karate imenasa, na hii nyingine, aliyoinunua mtaa wa Kikula katika fungu la kaseti za bei ya chini, ni filamu ya wezi. Neno wezi likatutuliza. Tukabaki.

Hivyo ndivyo nilivyoiona *Du rififi chez les hommes*, filamu ya Jules Dassin ya mwaka 1955. Nimeirudia mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara swali ni lile lile: César alichukua pete ya nini?

Wengi wetu Kifaransa chetu kilikuwa cha darasani, tena cha kusuasua. Mbele kabisa alikaa mzee mmoja aliyestaafu kutoka ukumbi wa elektrolizi, ambaye kila mtu alimwita Papa. Aliingia bure kwa sharti moja: atutafsirie. Akatueleza kwamba huyu Tony ametoka gerezani baada ya miaka mitano, hana pesa, na kifua chake ni kibovu. Tony akakohoa kwenye kioo, na palepale tukampenda. Shituru tunakijua kikohozi.

Wenzake Tony walikuwa watatu. Jo alikuwa na mke na mtoto mdogo wa kiume. Mario alikuwa Mwitaliano mchangamfu. Wa tatu, César, naye Mwitaliano, alikuwa bingwa wa kufungua masefu, mtu mdogo mwenye suti safi na udhaifu mmoja uliojulikana na wote: wanawake. Walikusudia kuingia katika duka la vito la mtaa wa Rue de la Paix jijini Paris usiku, kwa kutoboa sakafu ya nyumba iliyo juu yake.

Kisha sauti ikapotea. Hakuna muziki wala maneno, watu wanapumua tu na vyuma vinagusana taratibu. Kijana mmoja nyuma akapiga kelele, "Sauti imekufa!" Mwenye kibanda akainuka kulipiga kofi lile sanduku kama ilivyokuwa desturi yake. Papa akainua mkono bila kugeuza kichwa.

"Muache," akasema. "Banafanya kazi."

Kwa karibu nusu saa hakutafsiri neno, maana hapakuwa na neno. Wale watu wanne walitoboa sakafu kwa subira ya wajenzi. Tundu lilipotosha mkono kupita, wakapitisha mwavuli uliofungwa, wakaufungulia chini ya dari ili vipande vya plasta vidondokee humo, visianguke sakafuni na kuamsha king'ora. Kibanda kizima kikaangua kicheko, tukatazama juu, kwenye mwavuli wetu. Kisha tukanyamaza tena. Walipokifikia kisanduku cha king'ora wakakijaza povu la kizimamoto mpaka kikawa bubu. Walivaa glavu na viatu laini. Walitoka jasho. Kila mmoja alijua lini anyooshe mkono na lini ausogeze kumpisha mwenzake.

Kilichonishangaza, na bado kinanishangaza, ni jinsi wakubwa walivyotazama. Nilitarajia wawashangilie wezi kama watoto wanavyoshangilia, au wawalaani kama katika mahubiri ya Jumapili. Wao waliwatazama kama mnyapara anavyotazama zamu. Mmoja alisema drili inashikwa vibaya. Mwingine akamjibu kwamba kwa pembe ile hakuna namna nyingine. Filamu iliporudisha maneno, Papa alishusha pumzi na kutoa hukumu yake: "Ile njo kazi. Hapana wizi."

Kumwelewa Papa kunahitaji kukijua kiwanda. Kampuni ya Union Minière ilianza kusafisha shaba kwa umeme hapa Shituru mwaka 1929, na mji wa Likasi, uliokuwa ukiitwa Jadotville, ukakua ukikizunguka. Dola iliitwaa kampuni mwaka 1967, ikawa Gécamines baadaye, nayo ikawa na hospitali, shule, mipira, bendi na mposho wa unga. Wazee wetu walikuwa na usemi: kazi njo baba, kazi njo mama. Mwaka 1986 kampuni ilitoa tani 476,000 za shaba. Mnamo Septemba 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi uliporomoka, ukaporomoka na kila kitu, na nilipokuwa na miaka 13 uzalishaji haukufika sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika kitabu kilichotoka mwaka 2001 ambacho jina lake linawaita watu wa huku wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Basi waliojaa kibandani alasiri ya siku ya kazi walikuwa mafundi wasio na kazi. Walikuwa na njaa ya kuiona kazi iliyofanywa vizuri, hata ikiwa ya wezi, hata ikiwa Paris. Ndiyo maana César aliwaumiza.

Kitendo chenyewe ni cha kufumba na kufumbua. Sefu limefunguka, na mkono wa César unateleza na pete moja hadi mfukoni wenzake wasione. Papa alisonya. Baada ya hapo filamu nzima ni ile pete ikitembea. César anampa Viviane, mwimbaji wa klabu ya usiku. Mwenye klabu, jambazi aitwaye Grutter, anaiona, anajumlisha moja na moja, anajua nani alivunja duka. César anakamatwa, na kwa hofu anamtaja Mario. Mario anauawa pamoja na mwanamke wake kwa kukataa kusema mali iko wapi. Tony anamkuta César amefungwa kwenye nguzo, anamsikiliza akikiri, na anampiga risasi. Mtoto wa Jo anatekwa. Mwishoni wanaume wote wanne wamekufa.

Tulitoka nje gizani, umeme ukiwa umekatika mtaa mzima, na ubishi ukaanza palepale penye tope. Mali ile ya faranga milioni 240 ilikuwa na mnunuzi wake, na kila mmoja wa wanne angepata fungu. Mtu anayengoja fungu la mali ya milioni 240 anaiba pete moja? Vijana wakasema ni tamaa: mwizi hashibi. Wengine wakasema ni mwanamke, na wakaanza kuhubiri kuhusu wanawake mpaka mama muuza vitumbua pale mlangoni akawakatiza.

"Munamulaumu bure," akasema. "Bila pete, angejuaje kama anapendwa?"

Papa alikuwa akitafuta njia kwa tochi. Alisema polepole, kama anayemweleza mwanafunzi wa kiwandani: "Milioni mia mbili arobaini ni ahadi. Ahadi haivaliwi kidoleni."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Baba yangu hakuwapo, lakini nilimfikiria. Alikuwa akifanya kazi kwa mkandarasi ambaye kwa miezi saba alimlipa ahadi. Kila asubuhi aliondoka na kofia yake ya kazi, kila jioni alipekuliwa getini, na kila jioni aliingia nyumbani mikono mitupu. Mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyelala sebuleni kwetu, alikuwapo kwenye ubishi ule. Alisema sentensi moja tu usiku ule wote: "Angengoja miezi sita tu."

Nimeyakumbuka maneno hayo kwa sababu ya yaliyofuata.

Mvua zilikwisha, Mei ikaleta baridi na vumbi. Mjomba akaanza kurudi alfajiri, nguo zake zikinuka mpira ulioungua. Kila mtoto wa Shituru alijua harufu ile. Ni harufu ya nyaya za umeme zinazochomwa porini ili ganda liyeyuke na shaba ibaki. Miaka ile vyuma vya kila aina, tulivyoviita mitiraye, vilipimwa kwenye mizani za wanunuzi na kupakiwa malori kuelekea mpakani Kasumbalesa. Nyaya alizochoma mjomba zilikuwa za nani, sitasema. Zilikuwa za mtu, na mjomba hakuwa mtu huyo.

Lakini alikuwa hodari. Walikuwa wawili tu. Hawakulewa, hawakununua viatu vipya, hawakuacha alama. Mjomba hata alibadilisha njia ya kurudi nyumbani kila siku. Nadhani alikuwa amejifunza kitu kwenye ile nusu saa ya kimya.

Baba alijua, na usiku mmoja nikiwa nimejifunika shuka niliwasikia. Mjomba alisema shaba hii ni ya babu zetu. Basanga waliiyeyusha kwenye tanuru za udongo wa kichuguu, wakaimimina ikawa misalaba, wakaolea na kulipia kodi, muda mrefu kabla Union Minière haijaundwa mwaka 1906. Nani basi alianza kuiba? Baba alikaa kimya kwa muda. Halafu akasema: "Babu yako alichimba mchana."

Baba alisema kweli. Wazee hawa wanaoitwa walaji wa shaba waliyeyusha madini wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, kijiji kizima kikijua, chifu akijua, wanawake wakiimba njiani. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuficha harufu.

Jumapili moja, wazazi wakiwa kanisani, mjomba aliniita nyuma ya nyumba. Alikuwa na kipande cha waya mnene kama kidole changu, jiko la makala na kipande cha reli. Akaupuliza moto mpaka waya ukawa mwekundu, akauchovya kwenye ndoo. Ukalia. Nikamwambia ameuharibu, kwa kuwa nilijua chuma kikichovywa huwa kigumu. Akatabasamu na kuupinda kwa vidole viwili.

"Chuma njo kinakuwa kigumu," akasema. "Shaba inalainika."

Akaulaza kwenye reli, akaupigapiga kwa nyundo ndogo ukawa bapa, akaupasha moto tena, akaupiga tena. Mara kwa mara alinishika mkono na kupima kifundo changu kwa uzi. Mwishoni akausugua kwa majivu na ndimu mpaka ukang'aa rangi ya jua la machweo. Hakikuwa kitu cha thamani. Kwenye mizani ya mnunuzi kisingetosha kununua kilo ya unga. Alinivisha bangili ile, akaikaza kidogo, akaniambia: "Usivae mu njia."

Niliificha chini ya godoro siku tatu. Siku ya nne niliivaa shuleni chini ya mkono wa sweta. Kufikia saa nne nilikuwa nimekunja sweta.

Mwalimu alisimama kando ya dawati langu, akainua mkono wangu kwa upole, akauliza: "Ulitosha wapi?" Yaani, umetoa wapi.

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema nimeokota, au ni ya bibi, au nimepewa na rafiki. Shaba haikuwa ajabu Likasi. Nilisema, "Mjomba alinitengenezea." Hata hapo tungepona. Lakini darasa zima lilikuwa limegeuka, nami kwa miezi saba nilikuwa mtoto asiyelipiwa ada, anayeitwa na kutolewa nje kila Jumatatu. Nikaongeza maneno mawili ambayo hakuna aliyeyauliza.

"Anazo nyingi."

Siku mbili baadaye wanaume walikuja usiku kumchukua mjomba. Sijui ni mtoto gani aliyeyapeleka maneno yangu nyumbani kwao, na haina haja. Mwenzake mjomba alivuka mpaka usiku ule ule. Mama aliivua bangili mkononi mwangu bila kusema lolote, na asubuhi alibeba cherehani yake kichwani kwenda kuiuza. Mjomba alikaa ndani siku tisa.

Aliporudi alikuwa amekonda na anachechemea kidogo. Alikula bukari na lengalenga, akanawa, akaniangalia kifundo cha mkono.

"Uko nayo?"

"Mama alikamata."

"Muzuri," akasema, akaenda kulala.

Hakuniuliza tena maisha yake yote. Alijua. Mwaka uliofuata aliondoka kwenda Lubumbashi kujifunza kuchomelea vyuma, na huko ndiko alikozikwa baada ya miaka mingi, akiwa fundi mwenye karakana na wanafunzi.

Sasa naweza kujibu swali la njia yenye tope, au angalau sehemu yake. Vijana waliosema ni tamaa walikosea. Mwenye tamaa angechukua kikubwa. César alichukua kidogo, kitu cha kumtosha mtu mmoja kidoleni. Kwa usiku mzima alikuwa amefanya kazi bora kuliko zote maishani mwake, na kazi hiyo ilikuwa na kasoro moja: hakuna mtu ambaye angewahi kuambiwa. Bingwa asiye na shahidi anateseka. Pete ilikuwa shahidi wake. Bangili ilikuwa shahidi wa mjomba, ambaye alikuwa na shaba na ufundi na mpwa, na hakuweza kuvumilia vitu hivyo vitatu visikutane. Maneno mawili niliyoyaongeza darasani yalikuwa shahidi wangu. Nilitaka ijulikane kwamba na mimi kuna mtu ameniletea kitu.

Papa alikuwa karibu na ukweli kuliko wote, ila hakumaliza. Ahadi haivaliwi, kweli. Lakini mali ya siri nayo haivaliwi, na hapo ndipo mwizi anapotofautiana kidogo sana na mtu anayedai mshahara. Wote wawili wana utajiri wasioweza kumpa mtoto leo. Mpango wowote unaomtaka mtu awe na mali asiwe na wa kumpa umeshavunjika kabla ya sakafu kutobolewa.

Miaka mingi baadaye, nikisoma kuhusu filamu ile, niligundua jambo lililonifanya nisimame na kuzunguka chumba. Yule César, aliyeandikwa kwenye orodha ya waigizaji kwa jina la Perlo Vita, ni Jules Dassin mwenyewe. Mwongozaji alijipa nafasi ya mtu anayeharibu kila kitu. Dassin alikuwa Mmarekani aliyefukuzwa kwenye kazi yake Hollywood kwa sababu wenzake walimtaja mbele ya kamati ya bunge kuwa mkomunisti. Alikaa miaka bila kazi, akaenda Ufaransa, akapewa kitabu asichokipenda na bajeti ndogo, na kwa filamu hiyo akapata tuzo ya uongozaji bora Cannes mwaka 1955. Mwenyewe alieleza kwamba alipotengeneza tukio la César kwenye nguzo aliwafikiria marafiki waliowataja marafiki zao. Yeye aliyetajwa ndiye aliyevaa sura ya mtajaji, na akajihukumu kifo kwenye kioo.

Hapo likaja swali la pili, ambalo kibandani hatukulifikiria. Kwa nini Tony alimuua César? Haikumfufua Mario, haikuokoa hata faranga moja. Tony alikuwa akimpenda yule Mwitaliano, na inaonekana usoni. Alifuata kanuni: anayetaja wenzake anakufa. Utotoni niliona ni haki tupu. Kisha nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyetaja, na kwamba mtu niliyemtaja alitoka kifungoni akachechemea hadi mezani na kuniuliza kama bangili yangu ipo.

Mjomba naye alikuwa na kanuni. Alikuwa ameniambia nisivae njiani. Nilichojifunza kwake ni kwamba kanuni ya wezi ni kama chuma: ikipita motoni na kwenye maji inakuwa ngumu, na ikipigwa inavunjika pamoja na wote walioishika. Yeye alitoka motoni akiwa laini. Na tazama filamu inavyoisha: Tony, na risasi mwilini, anaendesha gari kuvuka Paris kumrudisha mtoto kwa mama yake, anafika, anakufa kwenye usukani. Mama anamtoa mtoto garini na kumkumbatia. Sanduku la pesa analiacha palepale. Mtu pekee aliyefanya hesabu sahihi katika hadithi nzima ni yule mama, kama wangu alivyofanya na cherehani.

Msomaji wa Katanga atakuwa na pingamizi, nami ninalo pia. Oktoba 2002, miezi michache tu baada ya siku tisa za mjomba, jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti kuhusu uporaji wa mali ya Kongo. Ilisema mtandao wa wakubwa wa kisiasa, kijeshi na kibiashara wa Kongo na Zimbabwe ulikuwa umehamisha mali ya dola bilioni 5 au zaidi kutoka sekta ya madini ya serikali kwenda kwa kampuni binafsi, katika miaka mitatu, hazina ya nchi isipate fidia wala faida. Hapo hakuna aliyetoboa dari. Hakukuwa na mwavuli wala povu wala viatu laini. Kulikuwa na kalamu na mihuri, mchana, saa za kazi. Pete zilivaliwa hadharani na picha zikapigwa. Kama kipimo ni mali kuvaliwa mchana, basi wale walikuwa safi kuliko mjomba.

Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu, na ninaona kipimo cha baba kilihitaji nusu ya pili, ile aliyoitoa mwalimu wangu bila kukusudia. Mchana peke yake hautoshi. Lazima mtu aweze kuinuliwa mkono kwa upole akaulizwa umetoa wapi, mbele ya watu wanaomjua, naye ajibu bila kuangalia chini. Mzee wa Kisanga mwenye msalaba wa shaba angejibu. Baba, aliyerudi mikono mitupu miezi saba, angejibu, maana kutokuwa na kitu nako kuna chanzo chake na yeye alikijua. Wenye dola bilioni 5 hawajaulizwa bado, na sisi tunaopaswa kuuliza tumezoea kuwatazama kama kibanda kilivyomtazama Tony: tunavutiwa na ufundi. Tunasema huyu ni hodari, huyu anajua mambo. Ile njo kazi, hapana wizi. Papa alikuwa mtu mwema na alisema neno hilo kwa sababu ya njaa ya kazi. Sisi tunalisema kwa uzembe.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayesoma, ukimwona mtu wa kwenu ana kitu kinachong'aa kuliko mshahara wake, usimzomee na usimpigie makofi. Muulize swali la mwalimu, kwa sauti ya mwalimu. Uliza hasa pale penye kiti kikubwa, kwa sababu mtoto wa miaka 13 ataulizwa hata bila wewe.

Mama alipofariki tulipanga vitu vyake, na ndani ya kopo la Nido, chini ya vifungo na sindano za cherehani aliyoiuza, ilikuwamo bangili. Haing'ai tena. Imeota kutu ya kijani, na ukiivaa inaacha alama mkononi. Binti yangu, ambaye ana umri niliokuwa nao mimi wakati ule, aliiona wiki iliyopita akaniuliza nimeitoa wapi.

Nilimwambia.